Namna ya Kumtoa Marehemu wa Wiki Iliyopita katika Programu ya Wiki Hii

Kuna marehemu wasiozikika kwa mara moja. Jeneza limeshuka kaburini Jumamosi, watu wamekula, hema na viti vimerudishwa kwa mwenyewe. Wiki inayofuata jina lake linachomoza tena, ukurasa wa mwisho wa programu ya mazishi ya mtu mwingine, katika shukrani. Kasisi analisoma kwa sauti. Shangazi mmoja ananong'ona, "Huyo ni nani tena?" Na mfiwa, aliyelipia nakala zote kwa pesa za mchango, anabaki ameshika karatasi inayomwita mjane wa mume wa mwenzake.

Aliyechapa hakukusudia. Katika saiba nyingi nchini Kenya, za Dundori karibu na Nakuru zikiwemo, kiolezo ni faili ya mteja wa jana. Mhudumu anaifungua, anafuta jina la juu, anaandika jipya, anahifadhi, anaprinti. Ndivyo inavyozaliwa mikataba ya kukodi shamba la waru, katiba za vyama vya akina mama, barua za kuomba kazi, maombi ya basari na barua za kwenda kwa chifu. Nambari ya kitambulisho ya mzee mmoja inalala katika mkataba wa mzee mwingine, na simu ya binti wa watu inasafiri kutoka CV hadi CV. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Mwenye kutembeza vitambulisho vya wateja wake namna hii asidhani kwamba sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya mabenki peke yake.

Mwongozo huu ni wa mhudumu huyo, na wa karani wa kanisa, mwalimu mwenye maazimio ya kazi na katibu wa chama. Unahusu kuvihamisha violezo vya Word viwe katika umbizo wazi la hati, ODF, ambalo faili zake huishia na .odt kwa hati ya kawaida na .ott kwa kiolezo. Njiani nitakucheka. Kicheko nimekikusudia, maana makosa haya yameumiza watu wakiwa msibani, na aliyezoea kuyafanya hatayaacha kwa kubembelezwa.

Kabla hujagusa faili hata moja, jua unahamia wapi. ODF si mali ya kampuni. Ilipitishwa na shirika la viwango la OASIS mwezi wa Mei 2005, na mwaka uliofuata ikawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300. Maana yake ni kwamba maelezo ya jinsi faili inavyojengwa yako wazi, na yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuisoma leo au miaka thelathini ijayo. LibreOffice, programu itakayokufanyia kazi hii, ilianza Septemba 2010 ikitokana na OpenOffice.org, na hailipiwi. Waswahili nasi tulikuwepo mapema: mwezi wa Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema mambo haya ni ya Wazungu, mwambie amechelewa miaka mingi.

Tuwe waadilifu pia kwa upande wa pili. Umbizo la .docx nalo ni kiwango cha ISO tangu 2008, nambari 29500, na Word yenyewe inasoma .odt tangu 2009. Hatukimbii ugonjwa wa kuambukiza. Tunachokimbia ni kumwandikia kasisi barua kwa programu iliyovunjwa kufuli, iliyopakuliwa mahali pasipojulikana pamoja na virusi vyake. Wewe unayefanya biashara ya kuchapa mahubiri kwa programu ya wizi, kaa kitako, maneno haya ni yako.

Sasa kazi. Kusanya faili zote unazoziita violezo katika folda moja, kisha uzihesabu. Utakuta "mkataba", "mkataba mpya", "mkataba mpya 2", "mkataba final", "mkataba final kabisa" na "mkataba final kabisa wa mzee". Usigeuze hata moja. Mtu anayegeuza takataka kuwa umbizo wazi anapata takataka zilizo wazi. Chagua aina za hati ambazo watu huja kuziomba kweli, labda kumi au kumi na tano, na kwa kila aina bakiza faili moja yenye maneno mazuri zaidi. Nyingine zinakili kwenye flashi uziweke kabatini. Usizifute, kwa sababu siku moja mzee atarudi akitaka ule mkataba wake wa zamani, naye ana haki nao.

Fungua faili iliyobaki ndani ya LibreOffice na ubonyeze Ctrl+F10. Alama zilizofichika zitajitokeza: kila nafasi ni nukta, kila mstari mpya una alama yake. Hapo ndipo utakapojiona. Neno "Wako mwaminifu" limesukumwa kulia kwa nukta arobaini. Kichwa kimeshushwa katikati ya ukurasa kwa kubonyeza Enter mpaka kidole kikachoka. Mistari ya sahihi ni deshi mia, nazo zinavunjika vipande viwili fonti ikibadilika kidogo tu. Hati hii ni lumbesa. Kanuni za zao la viazi za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50, na mkulima wa Dundori anajua ni mgongo wa nani unaoumia gunia linaposhonewa kilemba juu; hati iliyosheheni nafasi na deshi nayo humwangukia anayeifungua baada yako, kwenye kompyuta nyingine yenye fonti nyingine.

Dawa ni mitindo, na hapa nakuomba usikimbie, kwa kuwa hii ndiyo kazi yenyewe. Bonyeza F11, orodha ya mitindo itafunguka kando. Chagua maandishi yote, bonyeza Ctrl+M ili uondoe urembo uliopakwa kwa mkono, kisha uvae upya: kichwa kikuu kipewe mtindo wa kichwa kikuu, vichwa vidogo vya kwao, maandishi ya kawaida ya kwao. Unataka anwani ikae kulia? Tengeneza mtindo uitwao "anwani" wenye ujongezaji wake. Unataka nafasi kabla ya sahihi? Mpe mtindo wa sahihi sentimita moja na nusu juu yake. Mstari wa sahihi utokane na kituo cha tabo chenye nukta za kujaza, au na jedwali lenye mpaka wa chini tu. Ukishafanya hivyo mara moja, kubadili sura ya hati nzima ni kubadili mtindo mmoja. Anayekwambia kwamba nafasi ni za haraka zaidi, mwombe ahamishe sahihi za mashahidi wanne baada ya mteja kuongeza aya moja, kisha umtazame akihangaika.

Katiba za vyama zinahitaji adhabu yao ya pekee. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na katiba, basi akina mama wanakuja saiba, na saiba inawapa katiba ya kikundi kingine. Vifungu vimeandikwa nambari kwa mkono. Mweka hazina anaomba kifungu cha faini kiondolewe, kinaondolewa, na kuanzia hapo kifungu cha 7 kinamtuma msomaji kifungu cha 12 ambacho sasa ni cha 11. Siku ya ugomvi wa pesa, mtu mwenye sauti kubwa atashinda kwa sababu karatasi yenyewe haijui inasema nini. Tumia mitindo ya orodha inayojipa nambari yenyewe, na marejeo yawe marejeo ya kweli, yale yanayopatikana ukibonyeza Ctrl+F2. Kifungu kikiondoka, sasisha sehemu (fields) kwa F9 na nambari zitajipanga.

Ctrl+F2 hiyohiyo ndiyo itakayomzika marehemu wetu. Nenda kwenye sehemu za vigeu, chagua sehemu ya mtumiaji, iite "marehemu", uiandikie thamani yenye kelele: JINA LA MAREHEMU HAPA. Iingize kila mahali jina linapotakiwa: jalada, wasifu, ratiba ya ibada, shukrani. Tengeneza nyingine za "mjane", "kanisa", "mahali pa maziko". Mteja akija, unabadilisha thamani mara moja na jina linabadilika kote, mpaka ule ukurasa wa mwisho ambao hakuna anayeusoma kabla ya kuprinti. Ukisahau, karatasi itatoka imeandikwa JINA LA MAREHEMU HAPA, na aibu hiyo ni yako peke yako. Haitamgusa mjane. Ndiyo maana thamani ya kuanzia isiwe kamwe jina la mtu halisi, hata la mtu aliyefariki zamani, hata la babu yako.

Mikataba ya shamba nayo nakusihi uitendee kwa woga. Sheria ya Mikataba ya Kenya inataka mauziano ya ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na sahihi hizo zishuhudiwe. Kiolezo kisicho na mahali pa mashahidi ni karatasi ya kufungia sukari. Shamba likiwa la kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka ridhaa ya bodi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano kufanywa. Sasa fungua kiolezo chako uone kilivyowekewa tarehe. Mara nyingi ni ile tarehe inayojibadilisha kila faili inapofunguliwa! Mteja ametia sahihi mwezi wa Machi, anarudi Oktoba kuomba nakala, unaprinti, karatasi inasema Oktoba. Miezi sita imeanza upya kwenye karatasi, huku kisheria imekwisha, na kuna watu wawili ambao sasa wana mikataba miwili. Ing'oe tarehe hiyo. Weka nafasi tupu yenye nukta, ijazwe kwa kalamu mbele ya mashahidi. Na chini kabisa, kwa herufi zinazosomeka, andika kwamba mauzo ya shamba yapitie kwa wakili. Kuchapa ni kazi ya heshima, lakini mchapaji asijifanye wakili kwa sababu ana printa.

Mengine ni mepesi. Ukubwa wa ukurasa: violezo vilivyopakuliwa kwenye intaneti mara nyingi ni vya Marekani, milimita 216 kwa 279, na printa inasimama inawaka taa ikingoja karatasi ambayo hakuna duka la Nakuru lililoiagiza. Badilisha iwe A4, 210 kwa 297, ndani ya mtindo wa ukurasa. Lugha: hati ya Kiswahili iliyoachwa kwenye Kiingereza cha Marekani hupigwa mistari myekundu kutoka salamu hadi sahihi, na mhudumu huzoea kuidharau mistari hiyo, kwa hiyo hata kosa la kweli linapita. Chagua Kiswahili, kamusi ya LibreOffice imewekewa alama ya Tanzania, usijali, sisi na wao tunaelewana. Picha ya marehemu itie nanga kwenye aya, isielee, la sivyo itahama na kwenda kufunika ratiba ya kwaya. Na kwa kuwa stima ya milimani haina adabu, ingia kwenye mipangilio upunguze muda wa kujihifadhi kutoka dakika 10 hadi 2.

Fonti ni suala la imani, najua. Kuna watu Dundori ambao hawaamini kwamba harambee inaweza kufanikiwa bila kadi ya Algerian, wala harusi bila Monotype Corsiva. Siwanyang'anyi. Ila fonti isiyokuwepo kwenye kompyuta inayofungua faili hubadilishwa na nyingine, yenye upana tofauti, na programu ya kurasa nne inakuwa tano, ya tano ikiwa na mstari mmoja: "Wote mnakaribishwa chakula." Kwa maandishi ya ndani tumia fonti zenye pacha huru. Carlito ina vipimo sawasawa na Calibri, Caladea na Cambria, Liberation Serif na Times New Roman; mistari inakatika palepale. Algerian ibaki kwenye jalada, neno moja au mawili, kama huwezi kabisa kulala bila hiyo.

Makro tupa. Kiolezo kinachoishia na .dotm kimebeba programu ndogo ndani yake, na mwaka 1999 kirusi cha Melissa kilizunguka dunia kikiwa ndani ya hati za Word zenye makro, kikijipachika hata kwenye kiolezo kikuu cha programu. Barua ya kuomba ruhusa ya kukata mti haihitaji programu ndani yake.

Baada ya kufua kote huku, kugeuza kwenyewe ni jambo la sekunde. Menyu ya faili, violezo, hifadhi kama kiolezo; au hifadhi kwa jina lingine ukichagua .ott. Ukiwa na faili nyingi za .dotx, yaani violezo vya Word, zilizokwisha kusafishwa, na kompyuta ya Linux, funga LibreOffice kabisa, ingia kwenye folda, uandike:

soffice --headless --convert-to ott *.dotx

Zitatoka zote. Lakini fungua kila moja uitazame, kwa sababu vichwa vya ukurasa, masanduku ya maandishi na sehemu za fomu ndivyo vinavyopenda kuharibika safarini, na mashine haitakwambia.

Faida ya .ott utaiona mara moja. Ukibofya mara mbili, haifunguki yenyewe: inazaa hati mpya isiyo na jina. Ukihifadhi, unaihifadhi hiyo mpya, kwa jina la mteja wa leo, katika folda yake. Kiolezo hakiguswi mpaka uamue mwenyewe kukihariri kupitia dirisha la violezo. Mteja wa jana hana tena njia ya kuingia katika karatasi ya leo. Kwa kweli .dotx nayo ina tabia hiyo, na tungeitumia ipasavyo miaka yote tusingefika hapa. Tulikuwa na mlango tukapita dirishani.

Kama una shaka kwamba umbizo hili ni wazi, chukua nakala ya faili, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, uifungue. Ndani utakuta content.xml yenye maneno yako, styles.xml yenye mitindo, meta.xml yenye habari za mwandishi, na kijifaili kiitwacho mimetype chenye mstari mmoja wa kusema kama hii ni hati au ni kiolezo. Vyote vinasomeka kwa programu ya kawaida kabisa ya kuandikia. Soma meta.xml kwa makini. Humo ndimo huishi jina la aliyeitengeneza hati hapo mwanzo, na wakati mwingine si wewe. Rudi kwenye sifa za faili, weka upya, zima alama ya kutumia data za mtumiaji, uhifadhi tena.

Itabaki taabu ya maofisi. Kuna ofisi zitakazokwambia zinapokea Word tu. Usigombane na karani wa dirishani, yeye hakutunga utaratibu. Ikiwa hati ni ya kusomwa au kuprintiwa, mpe PDF. Ikiwa ni ya kuhaririwa, mpe nakala ya .docx iliyotolewa siku hiyo kutoka kwenye .odt yako, baada ya kuitazama. Kiolezo chenyewe, .ott, hakitoki dukani kwenda ofisini.

Kwa wenzako kitoke. Weka violezo vyote kwenye flashi, kila kimoja na PDF ya mfano iliyojazwa majina ya kubuni, na ukurasa mmoja wa maelezo: mitindo inaitwaje, sehemu za kujaza ni zipi, nini kisiguswe. Mpelekee mhudumu wa saiba ya ng'ambo ya barabara, kisha mwalimu mkuu, kisha katibu wa kanisa, kisha yule rafiki yako wa Lanet anayedai hana muda. Majina ya faili yawe ya maana, mwaka ukitangulia mwezi, ili orodha ijipange: mkataba-wa-kukodi, katiba-ya-kikundi, programu-ya-mazishi, na tarehe ya toleo. Atakayerekebisha arudishe alichorekebisha kwa toleo jipya, na atakayerudisha faili iitwayo "final kabisa" arudishiwe hapohapo akaipe jina.